Uso Usioingia Kwenye Kidirisha

Ilianza Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1998, saa nane kamili mchana. Televisheni iliwaka, mzungu mwenye ndevu nyeupe akatokea, na watu wazima wote waliokuwa kwenye chumba kile wakasimama kwa mpigo mmoja. Viti vya plastiki vikalia sakafuni. Wakamwamkia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuvuta kama watoto wa nasari. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na nikasimama pia. Nani angebaki amekaa?

Profesa hakujibu. Alikuwa ng'ambo, na sauti yetu ilibidi ipande kwanza hadi kwenye setilaiti ndipo imshukie, na yake vivyo hivyo. Kwa hiyo alitutazama kimya, sisi tukamtazama kimya, mpaka akakunja uso.

"Hamjambo," akasema hatimaye. "Samahani, watu wako wapi? Naona mikanda na vifungo tu."

Kwenye pembe ya televisheni, chini upande wa kulia, kulikuwa na kidirisha kidogo kilichoonyesha kile alichokuwa akikiona yeye. Nikakitazama. Kweli, ni matumbo tu. Safu nzima ya matumbo ya walimu, koti, sweta, koti, na katikati mkoba mweusi ulioshikwa kwa mikono miwili. Mkoba huo niliujua. Ulikuwa wa Mwalimu.

Nataka kumwandika Mwalimu sasa, kabla sijaanza kumkumbuka vile watu wa hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, wanavyomkumbuka. Wao wakimtaja wanasema, "Yule mama aliyepigia televisheni magoti." Halafu wanacheka. Mimi nilikuwepo, na sikucheka.

Alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu, kwenye ploti moja. Shuleni alitufundisha Jiografia. Alikuwa mrefu kupita wanaume wengi wa hapa Embu, na akiingia jikoni kwetu aliinamisha kichwa kwanza ndipo akabisha hodi. Mama yangu, ambaye anauza chipsi karibu na soko, alisema Mwalimu anafaa kupewa kazi ya kupaka rangi dari bila ngazi. Mwalimu alicheka sana siku hiyo. Watu wa shuleni hawaamini nikiwaambia kwamba alikuwa anacheka.

Kitu cha kwanza cha kujua juu yake ni kwamba hakuruhusu mtu amjibu akiwa amekaa. Walimu wengine walitaka usimame kwa heshima. Yeye alikuwa na sababu nyingine.

"Sauti hutoka miguuni," alisema. "Ukikaa, umeikalia."

Akikuuliza swali ulisimama, na kama huna jibu ulibaki umesimama mpaka ulipate. Sasa mimi jibu nililijua kila mara, lakini halikutoka. Nikiona wasichana arobaini wamegeuza shingo kunitazama, koo linafunga. Mwanzoni mwa kidato cha pili aliniuliza jina la upepo fulani, nikasimama, nikasimama, kipindi kikaisha, kengele ikalia, na wenzangu wakatoka kwenda kunywa uji. Mwalimu alikaa pale mbele akisahihisha madaftari. Hakunifokea. Baadaye akainua macho, akasema, "Wawira, unalijua?"

Nikatingisha kichwa kuwa ndiyo.

"Basi hilo ni baya zaidi."

Jioni hiyo alikuja kwetu na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi. Akamwambia Mama, "Mama Wawira, huyu mtoto nataka kumchukua Jumamosi. Kuna masomo naanza pale chuoni, tutafundishwa na profesa kwa televisheni. Aje aone watu wazima wakiulizwa maswali. Aone hatufi."

"Atakusumbua, Mwalimu."

"Huyu? Huyu hata paka hamsumbui. Ndiyo shida yenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa kwenye kile chumba. Chuo kiko nje kidogo ya mji. Walikuwa wameletewa dishi kubwa jeupe, likawekwa nyuma ya maktaba na kuzungushiwa waya wa seng'enge, na wanafunzi waliochukuliwa walikuwa walimu waliotaka digrii bila kuacha kazi. Wengine walitoka Siakago, wengine Runyenjes. Mmoja, mzee mwenye kofia ya kijivu, alitoka Mitunguu na kila Jumamosi alikuja na ndizi ndani ya karatasi ya gazeti. Tulimwita Mzee wa Mitunguu. Yeye peke yake ndiye aliyezoea mapema kubaki amekaa Profesa akimwita.

"Mimi magoti yananiuma," alieleza. "Sio maendeleo. Ni uzee."

Wengine hawakuweza. Walijua kabisa kwamba wakisimama vichwa vinatoka nje ya kamera. Kila wiki Profesa aliwasihi wakae. Wanakaa. Halafu anataja jina la mtu, na huyo mtu, kabla hajafikiria, miguu yake imeshamwinua. Ukifundishwa kitu tangu darasa la kwanza, hakisubiri ruhusa yako. Na kwa vile sauti ilichelewa njiani, Profesa alikuwa akisema "tafadhali kaa" wakati mtu ameshakaa, naye akisikia anaambiwa neno na Profesa anasimama tena kumjibu. Siku nyingine nilibana mdomo kwa sweta nisicheke.

Mwalimu hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mbaya kuliko wote. Tena alikuwa mrefu kuliko wote, kwa hiyo wengine wakisimama ulibakiwa angalau na shingo, lakini yeye kidirisha kilimkata chini ya kifua.

Mtu angeuliza, kwa nini hawakuinua kamera? Ilikuwa juu ya televisheni, imefungwa kwa skrubu ya kuzungusha kwa vidole. Lakini juu ya skrubu kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa utepe wa gundi: MALI YA MRADI. USIGUSE. Watu wa mradi walikuja kutoka Nairobi, wakaipima, wakaiacha ikitazama viti, wakaondoka. Fundi wa chuo, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, aliilinda karatasi hiyo kama cheti chake cha kuzaliwa.

"Nikigusa, ikiharibika, ni nani atalipa?" alisema. "Mnataka nifutwe?"

Na Mwalimu alimuunga mkono! Hilo ni jambo la pili la kujua juu yake. Alikuwa mtu wa sheria kabisa. Vipande vya chaki vilivyobaki alivirudisha ofisini. Kulikuwa na mpera nyuma ya maabara, na mapera yalikuwa yakioza chini, lakini yeye hakuokota hata moja kwa sababu ni ya shule. Wasichana wawili waliwahi kufungua redio ya shule kusikiliza muziki. Aliwapigisha magoti kando ya bendera paredi nzima.

Hakutumia kiboko, alipigisha magoti. Saruji ya pale uwanjani ina kokoto zinazochoma. "Mtu mzima humpigia Mungu tu," alituambia. "Nyinyi bado hamjakua, kwa hiyo mtaanzia hapa kwangu." Nilimwogopa. Sitasema uongo.

Lakini huyo huyo aliogopa bata mzinga. Jirani mmoja alikuwa na bata mzinga wawili, na Mwalimu alizunguka nyuma ya ploti yote ili asipite mbele yao. Huyo huyo alisema mwalimu hatafuni chochote barabarani, halafu Jumamosi tukitoka chuoni ananunua hindi la kuchoma, analifunika kwa kitambaa cha mkononi na kutembea akitafuna kama mtu anayejipangusa pua. "Usinitazame," ananiambia. "Tazama mbele." Viazi vya sokoni Embu hakuvila. Alileta vyake kutoka shamba lake la Kibirichia, gunia kwa gunia, na alipomkuta Mama akimenya vingine alivishika, akavinusa, akauliza, "Hivi ni viazi ama ni sabuni?"

Na digrii aliitaka kwa njia iliyonitisha. Alikuwa ameomba vyuo vingine hapo awali, akaambiwa umri umepita. Masomo haya ya televisheni hayakuuliza umri. "Huu ndio mlango wa mwisho," aliniambia siku moja tukivuka daraja. "Ukifungwa, nitafundisha upepo mpaka upepo unichukue."

Mwezi wa kumi Profesa alitangaza mtihani wa mdomo. Kila mtu angekaa peke yake mbele, kwenye meza yenye kipaza sauti, na kuulizwa maswali. Anayeshindwa hataingia mwaka wa pili. Kisha akaongeza jambo, polepole, akilisoma: kwa sababu mtahini hayuko chumbani, uso wa mwanafunzi lazima uonekane kwenye picha kutoka mwanzo hadi mwisho, ulinganishwe na picha yake ya usajili. Uso usipoonekana, majibu hayahesabiwi, hata yawe mazuri vipi.

Hakuna aliyemgeukia Mwalimu. Ndiyo maana nilijua wote walikuwa wakimfikiria yeye.

Tulianza kufanya mazoezi nyumbani kwake. Alichukua katoni ya sabuni, akakata tundu la mraba, akaniambia nikae nyuma yake.

"Wewe ni Profesa. Niulize."

Nikashika kingo za katoni.

"Profesa amepoteza sauti? Basi leo nimepita! Niulize, Wawira."

"Mwa... Mwalimu, eleza mmomonyoko wa udongo."

Akasimama. Kupitia tundu la katoni nikaona vifungo vya sketi yake.

"Sori, Mwalimu. Sikuoni."

Alikaa. Tukaanza tena. Akasimama tena. Ilikuwa hivyo wiki nzima, mpaka jioni moja akatoa leso, akanipa. "Nifunge kwa kiti."

"Mwalimu!"

"Nifunge. Kaza."

Nikaipitisha juu ya mapaja yake na chini ya kiti, nikafunga fundo. Nikarudi nyuma ya katoni nikauliza. Safari hii hakusimama. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nyembamba, ya mtoto mgonjwa anayeomba maji. Neno la tatu likakatika. Niliona kupitia lile tundu macho yake yakitafuta mahali pa kwenda. Nilizijua hizo dalili zote. Nilikuwa nazo mimi.

Akafunga mdomo. Baadaye akauliza, "Hiyo ilikuwa sauti ya nani?"

Nikamfungua leso.

Siku ya mtihani mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mji tangu asubuhi. Hilo lilikuwa baya, maana mvua ikinyesha kwa nguvu picha ilivunjika vipande vipande na sauti ikakwama. Muunganisho wenyewe wa setilaiti ungekatwa saa kumi. Mzee wa Mitunguu aliingia kabla ya Mwalimu. Akakaa kama mtu aliye kwake sebuleni, akakunja nne, akajibu, hata akatania, Profesa akacheka baada ya muda ule wa kuchelewa. Kisha Mzee akainuka, akampisha Mwalimu.

Alikuwa amevaa suti ya kijani ya Pasaka. Akakaa. Kwenye kidirisha uso wake wote uliingia, na nilimwona Profesa akiinua karatasi na kulinganisha.

"Vizuri sana," akasema. "Tuanze. Nieleze jinsi ungewafundisha wanafunzi wako juu ya mmomonyoko wa udongo, ukitumia mazingira yenu."

Swali lile lile! Niliuma kidole. Mwalimu akafungua mdomo.

Ile sauti ikatoka. Ile nyembamba.

"Sikusikii," akasema Profesa.

Akajaribu tena. Midomo ilicheza. Fundi akasogea akagonga kipaza sauti, tap, tap, kikalia sawa. Haikuwa mashine. Nje ngurumo ikapita upande wa Kirimari, na picha ikatetemeka kidogo.

"Mama, unanisikia? Tuna muda mfupi."

Akasimama. Na sauti ikaja, ile ya darasani, ile iliyokuwa ikisikika hadi jikoni shuleni: "Ninakusikia, Profesa! Kule Kibirichia ninakotoa viazi vyangu, mlima umeinama..." Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri mno. Lakini kwenye kidirisha kulikuwa na vifungo vinne vya kijani na mikono iliyokuwa ikichora mteremko hewani.

"Tafadhali kaa. Sioni uso wako. Siwezi kuhesabu hayo."

Akakaa. Kimya. Akasimama. "Tafadhali kaa." Akakaa. Mzee wa Mitunguu akamnong'oneza Fundi, "Inua hiyo kitu kidogo, we kijana. Kidogo tu."

"Siwezi, Mzee. Imeandikwa."

"Inua, tafadhali."

"Mwalimu mwenyewe anajua ni mali ya mradi. Muulize."

Mwalimu alisikia. Akatazama ile karatasi, iliyokuwa umbali wa mkono wake mrefu tu. Angeweza kuunyoosha na kuizungusha skrubu bila hata kuacha kiti. Niliona mkono ukianza. Niliona ukirudi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi, na matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati, moja moja.

"Mama," akasema Profesa kwa upole, na upole huo ndio ulionikata maini, "nadhani itabidi tuishie hapa."

Hapo ndipo alipofanya. Alisukuma kiti nyuma kwa mguu. Akakunja sketi kidogo kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka mto. Akapiga magoti kwenye saruji.

Kwenye kidirisha uso wake ulishuka kutoka juu, kidevu, pua, macho, ukaingia wote, ukakaa katikati. Mgongo ulikuwa umenyooka. Na sauti, bila mtu kuikalia, ikatoka.

"Profesa, naomba niendelee."

Muda ule wa kuchelewa haujawahi kuwa mrefu vile. Mzee wa Mitunguu alikuwa amevua kofia.

"Sasa nakuona vizuri," akasema Profesa. "Endelea."

Hakujua. Kule aliko aliona mwanamke aliyekaa vizuri kwenye kiti, basi. Akamuuliza juu ya mifereji ya maji ya Mitunguu, akajibu. Akamuuliza juu ya matuta, akajibu. Kila swali lilikuwa na kile kimya chake cha kwenda na kurudi, na yeye alikingoja akiwa pale pale kwenye saruji, kichwa juu, mikono imelala mapajani. Nilitazama soksi zake ndefu zikipasuka taratibu kwenye goti. Profesa alipokuwa akisema asante mvua ikamwagika, uso wake ukawa miraba ya rangi, ukaganda, ukapotea.

Mwalimu aliinuka kwa kushika meza. Akapangusa magoti.

"Wawira, twende," akasema.

Njiani hakununua hindi.

Kufikia ibada ya Jumapili Dallas yote ilikuwa inajua. Sijui nani aliyesema. Akina mama wa kanisani waliulizana kama ni kweli alisujudia dishi. Mmoja alikuja hadi kwetu akamuuliza Mama, "Na msichana wako alikuwa huko? Naye alipiga?" Mama akamwambia chipsi zimeisha, na karai lilikuwa limejaa. Shuleni mtu alichora ubaoni televisheni yenye miguu, na mbele yake mwanamke mrefu amepiga magoti. Mwalimu akaingia. Tukasimama. Aliitazama ile picha, akatutazama sisi, na kila mmoja alijua adhabu yake ingekuwa gani. Akachukua kifutio, akafuta, akaandika: Upepo. Tangu siku hiyo hakumpigisha mtu magoti tena. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho wa kwenda shule ya huko kwao Kibirichia, akapakia viti vyake kwenye pikapu, akaenda. Mimi sikuwa nimemuuliza kama alipita. Mara nyingi nilifika hadi mlangoni kwake, nikarudi.

Niliambiwa na Mzee wa Mitunguu, mwezi huu wa nane wa 1999. Alipita kwa kibanda cha Mama kununua chipsi.

"Mwalimu wenu alipita, tena vizuri," akasema. "Lakini haji. Mwaka wa pili umeanza na kiti chake kiko tupu. Wamesema asipoonekana Jumamosi hii, jina wanafuta."

"Kwa nini haji?" akauliza Mama.

"Muulizeni nyinyi. Mimi nikimuuliza anakasirika hadi ananiita kwa jina la baba yangu."

Kesho yake, Ijumaa, Mama alikuwa anaenda Kibirichia kuchukua viazi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikasema nataka kwenda naye. Mama aliniangalia, maana mimi huwa sisemi nataka.

Tulimkuta shambani, gambuti hadi magotini, leso kichwani, jembe mkononi. Baridi ilikuwa inauma. Alitusalimu kwa furaha, akampeleka Mama kwa wanaume waliokuwa wakijaza magunia, kisha akarudi akasimama mbele yangu kati ya mistari ya viazi.

"Umerefuka," akasema. "Unajua Profesa aliniandikia nini kwenye maoni? Ati mwanafunzi mfupi wa umbo, lakini mwenye sauti ya ajabu." Akacheka, kisha akaacha. "Mfupi."

Nilitaka kuuliza. Nikapiga bonge la udongo kwa ncha ya kiatu. Akaona.

"Uliza. Umesimama tayari."

"Mwalimu, kwa nini... kwa nini hurudi?"

Akaegemea jembe. "Nilipiga magoti mara moja, kwa sababu mlango ulikuwa unafungwa. Sijuti. Lakini ni miaka mingine mitatu, Wawira. Kila mtihani? Kila swali? Nimejaribu kukaa, hapa, peke yangu, nikiongea na ng'ombe. Haitoki. Nimemwomba Fundi mara mbili aiinue ile kamera. Anasema ameandikia Nairobi." Akatema mate kando, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Na ningeigusa mimi mwenyewe, ningewaambia nini wale wasichana wa redio?"

"Ikiinuliwa utakuja kesho?"

"Saa nane kamili ningekuwa mlangoni. Lakini itainuliwa na nani?"

Nikanong'ona jibu huku nikitazama gambuti zake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani na majani ya viazi yalikuwa yamelala upande mmoja. Nilisikia wanaume kule wakimtania Mama kwamba anataka viazi vikubwa kama mawe ya kujengea.

"Sauti," akasema Mwalimu.

"Itainuliwa na mimi."

Ilitoka kubwa. Hata wale wanaume waligeuka. Mwalimu hakusema usifanye, wala hakusema fanya. Alinitazama kwa muda mrefu, uso wake kama wa mtu anayesahihisha swali asilolijua jibu lake. Kisha akainama, akaendelea kulima.

Tulirudi Embu na lori la viazi. Sikulala vizuri.

Asubuhi, kabla Mama hajawasha jiko, nilikwenda chuoni. Askari wa pale ananijua tangu zile Jumamosi. Alikuwa anafagia korido, na mlango wa chumba cha televisheni ulikuwa wazi. Nikamsalimu, nikaingia, nikavuta kiti cha plastiki, nikapanda. Utepe ulikuwa mkavu. Nikauchana kwa ukucha kutoka pembeni, na karatasi ikabanduka nzima bila kupasuka. MALI YA MRADI. USIGUSE. Niliikunja nikaiweka mezani, ili Fundi aikute na asiseme imeibiwa. Kisha nikazungusha skrubu. Ilikuwa laini kabisa, ilizunguka kama kifuniko cha chupa. Nikainua ile kamera kidogo, nikaikaza.

Nikashuka, nikabonyeza swichi jinsi nilivyokuwa nimemwona Fundi akibonyeza. Hakukuwa na Profesa, kwa hiyo picha yetu ilijaza televisheni nzima. Ukuta, saa, na vichwa vya viti vimebaki chini kabisa, havionekani vizuri. Nikaenda mbele ya meza nikasimama wima. Mimi si mrefu kama yeye, nikachukua ufagio wa askari uliokuwa mlangoni, nikaupandisha hadi pale kichwa chake kingefika. Ufagio wote ukaingia. Chini yake ukaingia uso wangu, mkubwa, na macho yamenitazama mimi mwenyewe, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka.

Nikataja jina langu. La ubatizo, na la nyanya, na la baba, yote matatu, kwa ile sauti ya shambani.

"Nani anaita huko ndani?" askari akauliza kutoka korido.

"Ni mimi," nikamjibu, bado nimesimama.